Pikapu Iliyozimika Mara Tatu

"Nusa hii, afande," Mama Nozeli alisema, akamsogezea Inspekta chupa ya jamu mpaka puani.

Inspekta hakunusa. Ilikuwa saa nne asubuhi na saa nane kamili mtu angepandishwa kizimbani, na mwenye saa nne mkononi hapotezi hata moja kwa kunusa. Aliinyanyua chupa akaitazama kwenye jua. Dizeli iliyotolewa chini ya filta ilikuwa imetulia humo ndani, ya manjano, safi kama chai ya rangi. Kitako cha chupa hakikuwa na tone la maji.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe! Si ni bwana stoo wa kituo cha afya aliyeapa kwamba dereva kauza dizeli kisha kajazia maji? Maji na dizeli havilali kitanda kimoja. Maji hushuka chini. Yangekuwemo, yangekuwa hapa yanatuchekea."

Mama Nozeli alikuwa fundi wa pampu na nozeli za dizeli kwa miaka thelathini, na jina alilopewa na wazazi wake hata wajukuu walikuwa wamelisahau. Alijifuta mikono kwenye ovaroli, akarudisha kichwa chini ya boneti. Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya kituo cha afya, iliyotiwa turubai na kitanda nyuma, ikaitwa gari la wagonjwa. Siku tatu zilizopita ilikuwa imembeba mwalimu wa darasa la kwanza, kidole tumbo kimempasukia, kumpeleka hospitali kubwa ng'ambo ya mlima. Mlimani ikazimika mara tatu. Baada ya mara ya tatu iliwaka tena, lakini mwalimu alikuwa ameshakata roho.

Mji mzima ulikuwa umefundishwa kusoma na yule mwanamke. Walipomzika walitoka makaburini moja kwa moja hadi nyumbani kwa dereva, wakavunja mlango na kila kinachovunjika. Dereva alikuwa rumande tayari, la sivyo wangemvunja na yeye. Mtu mpole, amezoea kusema maneno matatu kwa siku, ndiyo maana walimwita Kimya, na sasa ule upole wake ulisomwa kuwa hatia.

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wake.

"Umepata maji?"

"Hakuna maji, mkuu."

"Basi alizima gari makusudi."

"Kwa faida gani, mkuu? Yeye mwenyewe mwanawe yuko darasa la yule mwalimu."

"Inspekta, mji unawaka moto. Nipe sababu au nipe mtu. Mtu ninaye. Ikifika saa nane huna sababu, anashtakiwa kwa kuua." Simu ikakatwa.

Inspekta alizunguka gari polepole. Yadi hii ya kituo cha afya aliijua. Mwaka jana aliletwa hapa kwa kesi ya wizi wa dizeli, akakamata wawili, akaondoka na barua ya pongezi. Tangu hapo wizi uliisha. Alichutama ubavuni, penye mdomo wa tangi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na kutiwa lakiri nyekundu: donge moja pembeni, lililounganisha kifuniko na shingo ya tangi, limepigwa muhuri wa ofisi; na donge jingine dogo katikati ya kifuniko, halina muhuri. La pembeni lilikuwa zima, halina ufa. Alilala chini, akaikagua nati ya kutolea mafuta. Ilikuwa na kutu na tope la miaka, wala haikuwa na alama ya spana.

"Juu hakufungua, chini hakufungua," alisema. "Sasa huo wizi kaufanya kwa dua?"

"Usinichekeshe, nina uchungu," Mama Nozeli alijibu kutoka ndani ya boneti. "Nenda kamuulize mwenyewe gari lilikufaje. Sitaki kusikia lilizima. Nataka kujua lilizimaje. Kuna kufa kwa ghafla na kuna kufa kwa kukata pumzi."

Getini mke wa dereva alikuwa amekaa juu ya jiwe, mfuko mapajani. Alisimama Inspekta alipokaribia.

"Afande, nimemletea shati la mahakamani. Nimelipiga pasi kwa jirani. Kwetu pasi wameondoka nayo."

"Kaa nalo kwanza, shemeji."

"Kwani hataenda?"

Inspekta alitazama shati, kisha saa yake. Akavuka barabara kuingia kituo cha polisi.

Kimya alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Hakuinua uso.

"Andika unavyotaka, afande. Nitatia sahihi."

"Sahihi yako nitaitaka baadaye. Niambie gari lilizimaje."

"Mwalimu kafa. Limezimaje litamrudisha?"

"Halitamrudisha. Lakini wewe una mtoto, na mkeo yuko nje na shati. Sema!"

Dereva alianza kusema kwa kuvutavuta, kisha maneno yakaja yenyewe. Gari lilitoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza ya mlima likaanza kukosa nguvu, anakanyaga mafuta halisikii, likapiga kwikwi mbili tatu likanyamaza. Alishuka akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta.

"Ikafanyaje?"

"Ilizama ikagoma kurudi juu. Kama kuna mtu huko chini anaivuta."

"Halafu?"

"Nikakaa. Kama dakika kumi hivi. Nikapiga stata, likawaka. Tukaenda, likazima tena. Nikakaa, likawaka. Mara ya tatu nesi aliyekuwa nyuma aligonga kioo, akaniambia basi, usiharakishe tena."

Alijifunika uso kwa viganja.

"Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani?"

"Lilijaa mpaka shingoni. Bwana stoo alijaza mwenyewe, akafunga mwenyewe, akapiga muhuri."

"Liliwahi kukufanyia hivyo kabla?"

"Mara moja, wiki mbili nyuma. Niliandika kwenye daftari la gari. Wakabadilisha filta."

Inspekta alirudi yadini kwa hatua ndefu. Aliporudia yale maneno ya pampu ya mkono, Mama Nozeli aliacha spana hewani.

"Ilizama ikagoma kurudi? Na likipumzika linawaka?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi hajadanganya. Uongo wa namna hiyo lazima uwe fundi kuutunga." Akaokota dumu la lita tano na mpira. "Ngoja nimnyonyeshe mgonjwa kwa chupa."

Alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akachomeka wa kwake, dumu akalining'iniza kwenye ndoano ya boneti, ule wa mafuta ya kurudi akauelekeza humo humo dumuni. Akatoa hewa kwenye filta, akapiga stata. Injini iliitika mara moja. Mama Nozeli aliikanyaga, akaiachia, akaikanyaga tena mpaka moshi ukatanda yadi nzima, na injini haikukohoa hata mara moja.

"Pampu nzima. Nozeli nzima," alisema kwa sauti kushinda kelele. "Ugonjwa uko kati ya tangi na huu mpira. Ama kuna taka mlangoni mwa bomba, ama bomba limeziba."

"Au?"

"Sijui bado. Usinibane, mimi si mganga."

Saa tano na nusu. Walivuta kompresa ya kujazia matairi. Fundi alielekeza upepo kwenye lile bomba la tangi, akabonyeza, na ndani ya tangi kukasikika mchemko wa mapovu. Bomba lilikuwa wazi. Kila mlango uliofunguka ulikuwa mtupu. Mama Nozeli akachomoa upepo ili arudishe mpira. Loo! Tangi lilimrudishia: dizeli ilimruka kifuani, kisha hewa ikaanza kutoka bombani kwa mluzi mrefu, ikatoka, ikatoka, haikwisha.

Fundi alisimama palepale, ovaroli imelowa, kinywa wazi.

"Afande, umeona?"

"Nimeona umeoga."

"Tangi la gari halitunzi upepo! Ukilipulizia, upepo unatokea juu kwenye kifuniko. Hili limeubana wote, limenirudishia mimi." Aligeuka kutazama ubavu wa gari. "Nani kaliziba pua?"

Inspekta alikwenda kwenye kiti cha dereva, akatoa daftari la gari, akapekua. Safari fupi za mjini, lita kumi, lita kumi, lita kumi na tano, hakuna tatizo. Wiki mbili nyuma: safari ndefu, tangi limejazwa, kwa mwandiko wa Kimya, *gari linakosa nguvu mlimani, limezima*. Siku tatu zilizopita: tangi limejazwa. Hapo ukurasa uliishia.

"Likilala njaa linatembea," Inspekta alisema. "Likishiba linakufa. Kwa nini?"

"Likiwa nusu, kuna hewa nyingi humo ndani ya kutanuka, unazunguka mjini wee hujagundua. Likijaa, hewa hakuna. Pampu inavuta mafuta, hakuna kinachoingia kushika nafasi yake. Jaribu kunyonya soda kwenye chupa bila kubandua midomo, utaona ulimi unavyovutwa. Ukiacha likae, hewa inajipenyeza kidogo kidogo kwenye uzi wa kifuniko, linapata nafuu. Unaondoka, linakabwa tena."

"Utasema hayo mahakamani?"

"Nitasema. Na watasema huyo bibi kalewa dizeli. Inabidi uwaonyeshe."

Bwana stoo aliitwa. Alikuja na shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na funguo kiunoni zilizomtangulia kwa mlio. Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililofanya kazi kuwa ngumu. Mwongo unambana ukamkamua. Mwaminifu unambana nini?

"Lakiri hii ni yako?" Inspekta aliuliza.

"Yangu. Hakuna mwingine anayeigusa. Nikijaza nafunga, nayeyusha, napiga muhuri. Nikirudi naikuta nzima. Tangu mwaka jana hatujapoteza hata kikombe."

"Kama ni nzima, dereva aliuzaje dizeli?"

Bwana stoo alizigusa funguo zake. "Wale wana njia zao."

"Na hili donge la katikati, lisilo na muhuri?"

"Ah, hilo!" Uso ulimng'aa. "Hilo ni la kitobo. Mwezi uliopita nilikuta kifuniko kina kitobo, kidogo cha sindano. Nikajiuliza, kifuniko kizima cha kiwandani, kitobo cha nini? Nikajua hapa ndipo. Hiki ni kituo cha afya, mirija ya dripu imejaa tele. Wanapenyeza mrija, wananyonya usiku kucha. Nikaziba."

Mama Nozeli aliangua kicheko, kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Alijishika kiuno, machozi yakimtoka.

"Mrija wa dripu! Ewe baba, pale hata unywele haupiti! Hiyo ndiyo pua ya tangi! Umeliziba pua, ukalipakia mgonjwa, ukalituma mlimani!"

"Mimi?" Bwana stoo alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nimeziba mwanya wa wezi."

"Kaa hapo," Inspekta alimwambia. "Wewe ni shahidi. Usiguse kitu."

Ilikuwa saa sita na robo. Mama Nozeli alirudisha mpira wa tangi mahali pake, akatoa hewa, akawasha. Alikata kijiti akakibana kwenye mkono wa mafuta ili injini ipige mbio bila kupumzika. Inspekta aliandika saa kwenye daftari lake, akamtaka nesi wa zamu atie sahihi, na mlinzi naye. Wakasimama kuitazama pikapu.

Dakika kumi. Injini iliimba vilevile. Dakika ishirini. Mkuu alipiga, Inspekta hakupokea. Dakika ishirini na tano, na bwana stoo akaanza kupata nguvu mpya.

"Mbona linakwenda?" alisema. "Si mlisema linakabwa?"

Inspekta aliangalia daftari lake, akahesabu dakika zilizobaki. Kama injini hii ingeendelea kuimba mpaka saa nane, basi ingekuwa imemwimbia Kimya hukumu yake. Mke wa dereva alikuwa ameingia yadini bila ruhusa, amesimama karibu na ukuta, mfuko kifuani. Midomo yake ilikuwa inacheza, na haikuwa vigumu kujua anaomba nini.

Dakika ya thelathini na nne mlio ulishuka.

"Sikiliza," Mama Nozeli alinong'ona.

Injini ilipiga kwikwi. Ikajikaza, ikashuka tena, ikatetemeka boneti nzima, ikazima. Fundi alibonyeza pampu ya mkono. Ilizama, ikabaki chini. Aliondoa kidole taratibu ili kila mtu aone, nayo haikurudi.

"Afande, vunja mwenyewe," alisema. "Mimi nisije nikaambiwa nimefanya mazingaombwe."

Inspekta alitoa kisu kidogo. Aliligusa donge la katikati kwa ncha, akalibandua. Kutoka kwenye kile kitobo ukatoka mluzi mwembamba wa kuvuta, hewa ikiingia, ikiingia, kama mtu aliyetolewa kichwa ndani ya maji. Wote waliusikia. Ulichukua muda mrefu kunyamaza. Ulipokwisha, ile pampu ya mkono ilipanda juu yenyewe. Mama Nozeli alipiga stata mara moja tu na injini ikawaka.

Mke wa Kimya alikaa chini pale alipokuwa, akalia kwa sauti. Mama Nozeli akamfuata. "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Shati lake litavaliwa kurudi nyumbani."

Bwana stoo alikuwa amekuwa wa majivu. Alitazama kile kidonge chekundu kwenye kiganja cha Inspekta.

"Kwa hiyo ni mimi nimemuua mwalimu?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi nilifuata barua! Sikujitungia! Ngoja." Alikimbia ofisini, funguo zikimlilia kiunoni, akarudi na faili. Alivuta karatasi, ikakataa kutoka, akavuta tena. "Soma. Soma hapa. Si imeandikwa hapa?"

Inspekta aliichukua. Aliutambua mwandiko kabla ya kusoma maneno. Mwaka jana, baada ya kuwakamata wale wawili, alikuwa ameombwa ushauri, naye akaona fahari kuutoa. *Kila upenyo wa tangi, hata uwe mdogo vipi, uzibwe na kutiwa lakiri. Dereva yeyote atakayevunja lakiri, kwa sababu yoyote, ahesabiwe mwizi na akabidhiwe kwangu.* Chini palikuwa na sahihi yake, imepigwa mstari mara mbili.

Alisoma mara ya pili. Maneno hayakubadilika. Simu ililia tena, na safari hii alipokea.

"Nimeambiwa umepata," mkuu alisema. "Vizuri! Stoo kaziba tundu. Mlete yeye basi."

"Aliziba kwa maagizo, mkuu."

"Ya nani?"

"Yangu. Barua ninayo hapa, mwaka jana, ile uliyonipongezea."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa. Kisha mkuu akashusha sauti.

"Barua hiyo nani kaiona?"

"Mimi, bwana stoo, na fundi."

"Fundi ni bibi wa gereji. Stoo ana hofu zake. Inspekta, karatasi hupotea. Mtoe dereva, andika hitilafu ya gari, mambo yaishe."

Inspekta aliwatazama. Bwana stoo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi, kalamu zote tatu zimemwangukia miguuni. Mama Nozeli alimwangalia yeye Inspekta.

"Naandika, mkuu," Inspekta alisema, akakata.

Aliandika kwenye boneti lenye joto, kwa herufi kubwa zinazosomeka: jaribio la dumu, jaribio la upepo, dakika thelathini na nne, mashahidi, kitobo, lakiri. Barua akaitaja kwa tarehe na kwa jina la aliyeiandika, akaipiga pini nyuma ya maelezo. Nakala ya pili akampa Mama Nozeli. "Hii ikipotea ofisini kwetu, wewe unayo."

"Utafukuzwa kazi, afande."

"Huenda."

"Kichaa wewe," fundi alisema, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya ovaroli, upande usio na dizeli.

Saa nane kasoro dakika kumi na tano Inspekta alifungua mlango wa selo, mkononi ana shati lililopigwa pasi. Alimweleza Kimya yote, kwa kifupi, bila kuruka neno, hata la barua. Dereva alisikiliza huku akivaa. Alikosea kifungo, akaanza upya.

"Afande," alisema mwishowe. "Mara ile ya pili, nilishuka nikasimama mbele ya kifuniko. Nilitaka kufungua nione mafuta. Mkono ulikuwa umeshafika. Nikaona lakiri, nikakumbuka onyo la bwana stoo, kwamba anayevunja lakiri ni mwizi. Nikauondoa." Alimtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. "Ningeivunja, mwalimu angefika?"

"Angefika."

Kimya alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Vifungo vilikuwa vimemshinda.

"Na ungeivunja," Inspekta alisema, "mimi ndiye ningekuja kukukamata."

Alipiga goti mbele yake, akamfunga vile vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho, kisha akamfungulia mlango wa kituo; mkewe alikuwa anasubiri nje.